Magari mawili ya aina moja, usukani tofauti: pa kuanzia kutafuta kosa

Corolla Fielder mbili, zote nyeupe, zote za 2008, zote zimeshushwa melini Dar es Salaam zikapita Tunduma na Zambia hadi mpakani mwa Kongo, Kasumbalesa. Moja unaiendesha kutoka Lubumbashi hadi Likasi, kilomita kama 120, na unateremka ukiwa mzima. Nyingine inataka mikono miwili njia nzima, na ukifika mabega yanakuuma. Mwenye nayo anaamua kwamba ameuziwa gari bovu, basi anaanza kununua vipuri: leo rotile (kiungo chenye tufe), kesho kremayeri (reki ya meno inayogeuza magurudumu), keshokutwa amortisa (shokamzoba). Mfuko unatoboka, gari linabaki lilivyokuwa.

Sipendi ufundi wa namna hiyo. Kuwa na gari la pili la aina ileile ni bahati ambayo watu wengi hawaitumii: una kipimo chako kimesimama uani. Unaweza kupima huku na huku, ukahamisha kitu kutoka gari moja kwenda jingine, ukaona kama ugonjwa umehama nacho. Sharti ni moja tu. Badilisha kitu kimoja, endesha, andika ulichosikia mikononi, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu siku moja, gari hata likipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Hakikisha kwanza kwamba ni aina moja

Jina lililobandikwa mlango wa nyuma halitoshi. Fungua boneti usome kibati kilicho kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Kwa Fielder za kizazi hicho, NZE141 ni injini ya 1.5 inayovuta kwa magurudumu ya mbele, na NZE144 ni injini hiyohiyo lakini inavuta kwa magurudumu manne. ZRE142 na ZRE144 ni za 1.8. Ile ya magurudumu manne ni nzito zaidi, hasa nyuma, na usitegemee igeuke kwa wepesi wa mwenzake. Watu wamegombana na muuzaji kwa "kosa" ambalo ni tarakimu moja tu kwenye kibati.

Halafu kimo. Kwa sababu ya mashimo ya Katuba na Ruashi na njia za udongo za kwenda mashambani, magari mengi hapa huinuliwa. Fundi anaweka kipande cha mpira au cha chuma juu ya springi, tumbo la gari linaachana na mawe, na kila mtu anafurahi. Ila gari limeachana pia na hesabu za kiwanda. Fimbo za usukani, zile zinazosukuma magurudumu kutoka kwenye kremayeri, zilikuwa zimelala karibu sambamba na mkono wa chini; sasa zinainama. Kila gurudumu linapopanda tuta au kushuka shimoni linageuka kidogo lenyewe, wewe hujagusa usukani. Chukua mita, pima kutoka katikati ya janti (rimu) hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pembe zote nne, magari yote mawili. Ukikuta tofauti ya sentimita 3 au 4, umeshaelewa mengi kabla hujalala chini ya gari.

Matairi kabla ya chuma

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoishia, na ndipo fundi mwenye haraka anaporuka, kwa kuwa tairi halimpi kazi.

Inama usome ubavu wa kila tairi, yote manne, maana mara nyingi manne hayo hayafanani. Ukiona 195/65R15, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni inchi za janti. Gari moja likiwa na 195/65R15 na jingine limevalishwa janti za inchi 17 zenye tairi pana na ubavu mfupi, usitafute zaidi: la pili litakuwa zito kugeuza likisimama, na kwenye lami iliyochimbwa mifereji na malori ya shaba litakuwa linafuata mifereji hiyo badala ya kukufuata wewe. Kisha tafuta umbo la yai lenye tarakimu nne. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la miaka kumi linaweza kuwa na meno marefu kabisa na mpira uliokwisha kukauka.

Kuna neno moja la kutafuta kuliko yote: STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji. Kule Japani, hasa kisiwani Hokkaido, watu hulifunga majira ya baridi. Mpira wake ni laini na meno yake yamejaa mikato midogo midogo ili kushika barafu. Bridgestone huuza yake kwa jina la Blizzak, na viwanda vingine vina majina yao. Matairi haya yanafika Afrika yakiwa chini ya magari au yakiwa mzigo wa mitumba, na yanauzwa kando ya barabara kwa bei ya kupendeza kwa sababu meno bado yapo. Sasa mwezi wa kumi, jua la Lubumbashi likiwa utosini, meno hayo yanajikunja juu ya lami. Unageuza usukani, tairi linafikiri kwanza, gari linafuata baadaye. Katika kona ya kasi mkia unaelea. Dereva anasema rotile zimekufa, na rotile hazina kosa lolote.

Upepo nao. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kwa kPa. 220 kPa ni bar 2.2, ambayo kwado, fundi wa matairi, atakuambia ni kilo mbili na mbili. Pima asubuhi gari likiwa limelala, kabla ya kutembea. Joto likipanda kwa nyuzi 10 upepo ndani ya tairi unaongezeka kwa takriban bar 0.1, kwa hiyo tairi lililojazwa saa nane mchana wa Oktoba na tairi lililojazwa alfajiri ya Juni hayalingani hata kama mshale ulisimama mahali pamoja. Na tumia kipimo kimoja kwa magari yote mawili. Vipimo vya kando ya barabara vinadanganya, lakini kimoja kikidanganya pande zote kwa kiasi kilekile, ulinganisho wako bado unasimama.

Hayo yakishafanyika, fanya jaribio ninalolithamini kuliko yote. Hamisha magurudumu manne ya gari zuri uyafunge kwenye gari baya, na ya baya kwenye zuri. Kwa kwado ni kazi ya saa moja. Endesha magari yote mawili kwenye njia ileile. Kama ugonjwa umehama, umepata jibu na hujanunua hata skrubu moja. Kama umebaki palepale, sasa una haki ya kwenda chini ya gari.

Gari linavuta upande mmoja

"Papa, hii mutoka inavutaka ku kuume."

"Inavutaka fasi yote, ao ku njia ya Likasi tu?"

Fundi anayeuliza hivyo anajua kazi. Barabara ya lami haijengwi bapa: katikati imeinuka, kando imeshuka, ili maji ya mvua yatoke. Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo tunatembea muda wote juu ya mteremko unaoelekea kulia, na gari zima kabisa litateleza taratibu upande huo ukiachia usukani. Ongeza kwamba dereva aliye peke yake ndani ya gari la usukani wa kulia ameketi upande uleule barabara inakoteremkia. Gari zuri likivuta kidogo na gari baya likivuta kidogo zaidi, tofauti yenyewe ndiyo ya kutafuta. Si kila kuvuta ni kosa.

Sisi wa Lubumbashi tuna kipimo ambacho watu wa miji mingi hawana. Vuka Kasumbalesa. Upande wa Zambia wanaendesha kushoto, na mteremko wa barabara unakuwa wa kushoto. Gari lililokuwa linavuta kulia toka Lubumbashi, likifika njia ya Chililabombwe likaanza kuvuta kushoto, halina ugonjwa. Barabara ndiyo iliyokuwa inavuta. Likiendelea kuvuta kulia hata kule, tena dhidi ya mteremko, basi kosa liko kwenye gari na si dogo. Asiye na safari ya Zambia atafute uwanja mpana wa saruji au lami iliyo bapa, apite mahali palepale kwenda na kurudi.

Kosa likiwa la gari, badilishana tairi la mbele kushoto na la mbele kulia. Angalia kwanza kama ubavuni kuna mshale wa mzunguko. Ukiwepo, mbinu hii haifai. Tairi linaweza kuwa na kasoro ya ndani isiyoonekana kwa macho inayolifanya lijiviringishe kama pia ya kuchezea, likisukuma gari upande. Ukibadilishana na gari likaanza kuvuta upande wa pili, ni tairi.

Likiendelea upande uleule, nenda kwenye breki. Endesha kilomita kumi hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, acha gari lisimame lenyewe, kisha nyunyiza matone machache ya maji kwenye kila janti ya mbele, karibu na diski. Usimwage, diski yenye moto ikimwagiwa maji inapinda. Upande mmoja ukitoa sauti ya kikaango na wa pili ukinyamaza, plaketi (pedi za breki) za upande wenye moto zimekwama na zinakaza muda wote. Inua gurudumu ulizungushe kwa mkono uthibitishe. Tofautisha hali mbili: breki iliyokwama inavuta gari upande wake hata hujakanyaga, breki iliyolala, isiyokamata, inalivuta upande wa pili pale tu unapokanyaga. Na kama gari linavuta unapokanyaga mafuta tu, achana na breki kabisa, ruka hadi kwenye silambloki, mipira inayoshika mkono wa chini, huko mbele.

Yakibaki ni pembe za magurudumu, ndipo tunapofikia kosa la karaji nyingi za mjini. Mteja anasema gari linavuta, fundi anafanya paralelisimu kwa kamba au kwa fimbo, anarudisha funguo. Paralelisimu ni kuweka magurudumu mawili ya mbele yaangalie mbele kwa pamoja. Ikiwa mbaya inakula tairi: magurudumu yakiangaliana ndani mno, tairi zinalika ukingo wa nje; yakitazama nje, zinalika ukingo wa ndani. Lakini yenyewe kwa kawaida haifanyi gari livute daima upande mmoja, kwa sababu gari likitembea magurudumu mawili hugawana kosa hilo sawasawa. Kinachovuta ni pembe mbili nyingine: gurudumu kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele, na nguzo ya gurudumu kuinama kuelekea nyuma ukiitazama kwa ubavu. Upande ambao mwinamo wa nyuma wa nguzo yake umepungua kuliko wa mwenzake, gari huelekea huko.

Kwenye magari haya pembe hizo mbili kiwandani hazikuwekewa skrubu za kurekebishia. Zikiwa zimepotea, kuna kitu kimepinda. Na kupinda kunapimika kwa mita ya fundi seremala. Nyoosha magurudumu, simamisha gari mahali bapa, pima kutoka katikati ya janti ya mbele hadi katikati ya janti ya nyuma, kushoto, kisha kulia. Mmoja ashike mwisho wa mita, mwingine asome, kisha mbadilishane na kusoma tena. Milimita chache si neno. Sentimita nzima maana yake gurudumu moja lilipiga shimo au jiwe likasukumwa nyuma: mkono wa chini, ule mafundi wanaouita trianguli, umepinda, au fremu ndogo inayobeba injini imehama kwenye boliti zake. Gurudumu lililosukumwa nyuma limepoteza mwinamo wa nguzo yake, na gari litavuta upande huo. Pima gari zuri pia, upate namba ya kulinganisha.

Gari likienda wima lakini usukani ukiwa umelala upande, mara nyingi paralelisimu ilirekebishwa kwa fimbo moja tu badala ya mbili. Kazi ya dakika chache. Isipokuwa kama magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari kimshazari. Hapo pitisha gari kwenye maji, lipite pakavu, uangalie alama za matairi. Za nyuma zikitoka nje ya za mbele upande mmoja tu, tazama ekseli ya nyuma.

Usukani mzito

Jaribio moja linagawa kazi nusu kwa nusu. Inua magurudumu yote mawili ya mbele, weka gari juu ya stendi imara, injini ikiwa imezimwa na funguo imewekwa ili usukani usijifunge, geuza kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiwa mwepesi namna hiyo, chuma kiko sawa. Tafuta kwenye matairi au kwenye msaada wa usukani. Ukiwa mzito hata hewani, kuna kitu kinachokwama.

Msaada wa usukani uko wa aina mbili. Wenye mafuta, kama kwenye Ipsum za kwanza, una chupa ya mafuta na pampu inayozungushwa na mkanda. Angalia kimo cha mafuta, kilio cha pampu, mkanda unaoteleza. Fielder tunayoizungumzia inatumia mota ya umeme, na mota ya umeme inakula batri. Hapa ndipo magari mawili sawa yanapoachana bila sababu ya kuonekana. Pima volti injini ikinguruma: zinatakiwa kati ya 13.5 na 14.5. Gari lenye alternata iliyochoka, au waya wa batri unaoenda kwenye bodi ulioota kutu ya kijani, litakuwa na usukani mwepesi asubuhi, na mzito jioni taa na feni vikiwashwa. Waya huo ni rahisi kuliko mota. Safisha ncha zake kabla ya kusikiliza mtu anayekuuzia kremayeri.

Kuna pia dereva anayelalamika kwamba usukani unakuwa mzito baada ya kuhangaika kuegesha kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, halafu unajirudi wenyewe. Mota ikigeuzwa mara nyingi gari likiwa limesimama inapata moto, na kompyuta yake inapunguza nguvu ili isiungue. Likifanya hivyo gari moja na jingine halifanyi, linganisha matairi na upepo kwanza: mota inayosukuma tairi lisilo na upepo inapata moto mapema.

Mzito hata hewani? Sikiliza namna ya uzito. Ukikaza na kulegea mara mbili katika kila mzunguko wa usukani, kiungo cha msalaba cha nguzo ya usukani kimeota kutu. Magari yaliyotoka mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyizwa chumvi, yanayo sana. Ukiwa mzito sawasawa, na usukani haurudi katikati baada ya kona, shuku rulma (beringi) iliyo juu ya amortisa ya mbele. Mtu mmoja ageuze usukani, wewe weka kiganja juu ya springi. Springi nzuri inazunguka pamoja na gurudumu kwa utulivu. Yenye rulma iliyokufa inajisokota, inajizuia, halafu inaruka ghafla, na utalisikia ruko hilo kiganjani kabla masikio hayajalisikia.

Usukani mlegevu, gari linaelea

Gari limesimama, injini ikinguruma, magurudumu yamenyooka: sogeza usukani kwa kidole kushoto na kulia, uone ni kiasi gani unacheza kabla gurudumu halijaanza kujibu. Ukizidi milimita 30 ukipima ukingoni mwa usukani, umepita kiasi.

Inua gurudumu. Shika kushoto na kulia, utikise: mchezo ukiwepo, ni rotile ya usukani au kiungo cha ndani cha kremayeri, weka vidole juu ya rotile huku mwenzako akitikisa, utajua ni kipi. Shika juu na chini, utikise: ni rotile ya chini au rulma ya gurudumu. Mwenzako akanyage breki wakati unatikisa. Mchezo ukipotea, ni rulma. Ukibaki, ni rotile.

Ila kipuri kinachofichika kuliko vyote ni silambloki ya nyuma ya trianguli, yaani ule mpira mnene unaoshika mkono wa chini kwenye fremu. Njia zetu za udongo zikikauka zinakuwa na mikunjo midogo isiyokwisha, na mikunjo hiyo inautafuna mpira huo kimyakimya. Gari likitikiswa kwa mkono halionyeshi kitu. Dalili yake ni hii: ukikanyaga mafuta gari linaruka kidogo upande mmoja, ukiachia linaruka upande wa pili, na ukikanyaga breki usukani unataka kujiendea wenyewe. Gurudumu linasogea mbele na nyuma kila nguvu zinapobadilika. Chukua mtaimbo, uingize kati ya mkono na fremu, sukuma taratibu, halafu fanya vilevile kwenye gari zuri. Mpira uliochanika unafungua mdomo. Paralelisimu inayofanywa juu ya silambloki ya namna hiyo ni hela iliyotupwa, kwani inapotea gari likitoka tu getini.

Kuna magari ambayo hayana kitu kilicholegea na bado madereva wanayalalamikia. Mwezi wa Februari 2010, idara ya usalama wa barabarani ya Marekani ilianzisha uchunguzi kuhusu malalamiko ya usukani wa Corolla za 2009 na 2010, kwamba zinaelea kwenye njia za kasi na kutaka kusahihishwa kila mara. Usukani wa umeme wa miaka ile ni mkavu pale katikati, haukuambii mengi, kwa hiyo kasoro ndogo ya upepo au ya paralelisimu inasikika kubwa. Lakini hilo ni tabia ya aina yote. Fielder yako moja ikielea na ya pili haielei, tabia ya aina si jibu. Rudi kwenye matairi na silambloki.

Sauti ya "ko!" ndogo inayosikika mikononi unapogeuza polepole ina habari yake. Novemba 2012 Toyota iliita yarudishwe kurekebishwa magari zaidi ya milioni 2.7 duniani, yakiwemo Prius, Corolla na Wish, kwa sababu meno ya kipande cha nguzo ya usukani yangeweza kulika kwa dereva kugeuza mara kwa mara hadi mwisho. Gari lililokwisha kuuzwa nje ya Japani linaweza kuwa halikurudishwa. Toa kifuniko miguuni mwa dereva, shika nguzo juu na chini ya kiungo, mwenzako ageuze: sehemu mbili zikipishana hata kidogo, gari hilo lisitembee hadi kipande kibadilishwe.

Kutetemeka sina mengi. Kukianza karibu na 80 kukaisha ukipita 110, ni balansi, janti iliyopinda, au tope lililokauka ndani ya janti; kukisikika mikononi ni mbele, kukisikika kitini ni nyuma. Kukitokea kwenye breki tu, ni diski.

Gari lililohamishwa usukani

Hili ndilo ninaloliogopa. Gari limekuja na usukani kulia, fundi ameuhamishia kushoto, amepaka rangi, ameliuza kama gari la kushoto. Wako wanaofanya kazi safi kwa vipuri vya gari la kushoto. Wako pia wanaokata na kuchomelea.

Anza ndani: inua zulia, tafuta ukuta wa mbele ulikotobolewa na kuzibwa. Angalia waipa kama bado zinafagia kwa dereva wa kulia. Washa taa usiku mbele ya ukuta. Taa za Kijapani huinua mwanga upande wa kushoto, na hapa kwetu upande huo ndio macho ya anayekuja. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka katikati hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia. Zisipolingana, kremayeri haiko mahali pake.

Kisha lala chini. Fimbo za usukani za kushoto na kulia ziwe na kimo na mlalo sawa, zikienda karibu sambamba na trianguli. Kremayeri iliyofungwa kwenye vibao vya kuchomelea, juu au chini kwa sentimita 2 tu, inafanya gari lijigeuze lenyewe kwenye kila tuta, na hakuna paralelisimu itakayolitibu. Nguzo iliyounganishwa kwa pembe kali inakaza na kulegea ikizunguka, na utadhani ni kutu. Kihisi cha usukani wa umeme kisiposomeshwa upya sifuri yake kwa mashine baada ya kuhamishwa, msaada unakuwa mwepesi upande mmoja na mzito upande wa pili, pengine gari likajivuta lenyewe kwenye njia iliyonyooka. Hilo la kihisi linatibika kwa mtu mwenye mashine inayofaa. Welding kwenye nguzo ya usukani haitibiki. Nguzo iliyochomelewa inabadilishwa nzima, au gari halinunuliwi, hata kama mwenzake wa rangi ileile anatembea vizuri.

Ukishapata kosa na kulitoa, ndipo paralelisimu ifanyike, mwisho wa kazi zote, upepo ukiwa sawa na shehena ya kawaida ndani. Kwenye karaji yenye mashine ya kompyuta omba karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, pembe zote, na siyo paralelisimu peke yake. Peleka na gari zuri likapimwe bila kurekebishwa chochote. Ziweke karatasi mbili pamoja kwenye dashibodi: siku moja la pili nalo likianza kuvuta, utajua lilikuwa wapi kabla.